Aliyekula kwa Niaba ya Wakili

Juzi kwenye matanga hapa Gitothua kijana mmoja mwalimu alisimama akasema kwamba zamani, enzi za mkoloni, kulikuwa na Mhindi wakili aliyewasimamia watu weusi katika korti ya Thika, na kwamba baadaye alipanda mpaka akawa waziri, na kwamba watu kama hao tusiwasahau. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Kijana hakusema uongo, alitusimamia kweli. Lakini ukweli una miguu mingi kama jongoo, na mwalimu alitaja mguu mmoja akakaa chini kunywa chai.

Nianze na kahawa, maana bila kahawa hata huyo wakili tusingemjua.

Mimi na mume wangu tulikuwa vibarua katika shamba la mzungu upande wa Ruiru. Tulikaa kwenye laini, vile vijumba vya udongo vilivyopangwa kama meno, moshi wa huyu unaingia kwa yule, ukichoma kiazi jirani anajua ni kikubwa au kidogo. Mimi nilikuwa mchumaji. Mume wangu alikuwa wa vitandani, yaani pale kwenye vitanda vya waya ambapo kahawa huanikwa baada ya kuoshwa. Kutwa nzima ni kuigeuza kwa mikono, na mvua ikitishia ni kukimbia kuifunika. Mtu wa vitandani humjui kwa sura, unamjua kwa pua, maana kahawa mbichi ikichacha hunuka kama pombe iliyolala. Mama mkwe wangu alikuwa akimwambia mwanawe aende mtoni kwanza ndipo aje kumsalimu. Huyo mama alikuwa na maneno mengine mengi, lakini nikiyaanza hatutafika Thika leo.

Basi, muda si mrefu kabla ya Emajensi, yaani ile hali ya hatari ambayo serikali ya mkoloni ilitangaza ili kuwasaka waliokula kiapo cha kumfukuza mzungu, karani wa shamba akasema kahawa imeibwa. Ati uzito ulioingia vitandani si ule uliotoka. Wanaume wote wa vitandani wakafungwa kamba wakapelekwa Thika, na mume wangu akiwamo. Sisi wanawake tukabaki tunaangaliana. Mtu mmoja ndiye aliyesema kuna Mhindi ana ofisi juu ya duka la vitambaa pale mjini, na kwamba anasikiliza mtu mweusi mpaka amalize.

Huyo Mhindi alikuwa mgeni kuliko wageni. Wahindi wenzake wa Thika walikuwa wa sehemu moja na ukoo mmoja, wanaoana na kukopeshana. Yeye alitoka peke yake mji mwingine wa bara huko kwao, akashuka meli Mombasa akiwa na vitabu vya sheria na suti moja, na wenzake hawakumfungulia mlango kwa haraka. Mawakili wazungu ndio kabisa, hawakukaa naye benchi moja. Kwa hiyo alitushika sisi. Nasema wazi kwamba alitushika kwa sababu hakuna mwingine aliyemtaka, na sisi pia tulimshika kwa sababu hiyo hiyo. Si vibaya. Ndoa nyingi zimeanza hivyo.

Kiswahili chake alijifunzia madukani, kwa hiyo alijua maneno ya kuamrisha tu. Hata akitaka kukufariji ilikuwa kama anafukuza kuku. Nilipoanza kulia mbele ya meza yake aliniambia, "Kaa. Lia. Maliza. Sasa sema." Na mimi nikalia nikamaliza, nikasema.

Alikuja shambani mwenyewe. Mzungu alimwachia apite kwa sababu ya sheria, lakini hakumpa hata kiti. Akasimama kando ya vitanda na suti yake ile moja, akaingiza mkono kwenye kahawa mbichi iliyotoka kuoshwa, akaiminya, akatia konzi moja ndani ya leso yake akaifunga. Sote tukafikiri ameichukua kwenda kuionja.

Siku ya kesi tulijaa nje ya korti mpaka askari wakatusogeza kwa fimbo. Mimi nilikuwa dirishani. Alimuuliza karani kahawa aliipima lini. Karani akasema aliipima ikiingia vitandani, akaipima tena ikitoka, kwa sababu yeye ni mtu wa kazi safi. "Ikiingia ilikuwa na maji?" Ilikuwa nayo. "Ikitoka?" Ilikuwa kavu. Basi akafungua ile leso mbele ya hakimu. Kahawa iliyokuwa imejaa mkono sasa ilikuwa inacheza kama kokoto. Akasema, "Bwana hakimu, mwizi mimi najua. Mwizi jua. Askari nenda kamata jua." Hata hakimu alishika mdomo wake. Karani alitoa macho kama mtu aliyeketi kwenye siafu. Wanaume wetu wakafunguliwa.

Baba mkwe wangu, ambaye alikuwa mzee wa mbuzi nyingi na anajua mambo ya kwetu, akasema mtu aliyewatoa watoto wako mdomoni mwa simba hapewi asante ya mdomo. Huzaliwa. Kwetu mtu wa nje tunaweza kumzaa kwa mbuzi. Mbuzi anachinjwa, mgeni anakula na wanaume wa nyumba hiyo, anasema maneno ya kutoikana damu, anavishwa kipande cha ngozi mkononi, na tangu siku hiyo ni mtoto wa pale. Ukimpiga umempiga ndugu. Na yeye akikuacha, ameacha ndugu.

Akaalikwa, akaja mchana, na gari alilokopeshwa. Mbuzi alikuwa ameshachinjwa, nyama iko juu ya majani. Wanaume wakakaa nyuma ya nyumba yetu pale kwenye laini, mimi nikiwa mlangoni na sufuria ya chai. Baba mkwe akakata kipande akamnyooshea. Wakili akarudisha mikono nyuma.

"Mimi hapana kula nyama."

"Hata kidogo?" baba mkwe akauliza.

"Hata kidogo. Mama yangu amekufa hajui nyama."

Mzee mmoja jirani akamwambia mwenzake kwa Kikuyu, "Sasa hawa huota misuli na nini?" Mwenzake akamjibu, "Huoni hana?" Wakacheka, na wakili akacheka nao bila kujua anachekwa yeye.

Lakini baba mkwe hakucheka. Mbuzi ameshakufa, maneno yameshaanza, huwezi kumzaa mtu nusu. Alifikiri sana huku nzi wakitua kwenye nyama. Halafu akasema neno ambalo wazee waliitikia kwa kichwa mmoja mmoja: "Huyu tunamzaa leo. Mtoto anayezaliwa leo ana meno? Hana. Mama humtafunia. Basi na huyu atatafuniwa."

Akamchagua mume wangu, kwa sababu ndiye aliyefunguliwa pingu na ndiye mwanawe. Mume wangu akala sehemu yake, akasema maneno yake ya kutoikana damu. Kisha akapewa sehemu ya wakili, akaila nayo, na akasema yale maneno mara ya pili, sasa kwa ajili ya mwingine. Wakili alikunywa chai yangu na kula ndizi mbivu. Alipovishwa ngozi ya mbuzi mkononi alisema, "Asante, asante, ndugu yangu," akamkumbatia mume wangu na harufu yake yote ile. Alipokuwa akiingia garini nilimwona anaivuta ile ngozi kwa kidole, kama mtu aliyevaa saa inayobana.

Mpaka leo sijui kama alielewa. Nafikiri alidhani ni karamu. Sisi tulidhani ni ndugu.

Emajensi ikaingia. Sitaki kueleza yote, wenye umri wangu wanajua na wengine wamesoma. Wanawake na watoto tulihamishwa laini tukatiwa katika kijiji cha boma, na mtaro wa miti iliyochongwa kuzunguka, na homgadi, yaani mwenzetu mweusi aliyepewa silaha na serikali atulinde, mlangoni. Baba mkwe alifia humo ndani. Hakupigwa na mtu, alikufa tu kwa kukosa mahali pa kuangalia. Mtu aliyezoea kuona mbuzi wake mlimani, ukimwekea ukuta mbele ya macho haishi.

Mume wangu walimchukua kabla ya hapo. Malori yalikuja asubuhi, wanaume wakachutamishwa mikono kichwani, na mbele yao akasimamishwa mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Tulimwita gakunia. Kila mtu akipitishwa, gunia linatikisika au halitikisiki. Kwa mume wangu lilitikisika sana. Na shtaka lake tukalisikia baadaye kutoka kwa homgadi mmoja aliyekuwa jamaa: alionekana kwenye nyama ya kiapo nyuma ya nyumba yake, akala mara mbili, akaapa mara mbili. Anayekula mara moja ni mwanachama. Anayekula mara mbili ndiye mwapishaji.

Ukisikia hivyo unaona mara moja dawa ilikuwa wapi. Mtu mmoja tu duniani, asiye Mkikuyu, anayesikilizwa na wazungu, angesema, "Mbuzi yule alikuwa wangu. Alikula mara mbili kwa sababu mimi sili." Basi. Mume wangu angerudi nyumbani. Wanaume wengine wote waliokuwepo, neno lao lilikuwa kama mate, na wengi walikuwa wameshikwa wao wenyewe au wametawanyika.

Nikaomba pasi ya kutoka kijijini, nikanyimwa, nikaomba tena, nikapewa ya siku moja. Nikaenda Thika. Ofisi ilikuwa ile ile juu ya vitambaa, lakini ukutani sasa kulikuwa na picha ya Malkia, na yeye alikuwa na suti nyingine. Alinijua. Alifunga mlango mwenyewe.

Nikamwambia, "Bwana wakili, ni neno lako tu. Sema ulikuwepo."

"Mimi jua, mama. Mimi jua sana." Kiswahili chake kilikuwa kimelainika kidogo. "Lakini sasa wakati mbaya. Mtu anasema yeye alikaa na Wakikuyu, kuna mbuzi, kuna ngozi mkononi, wewe unafikiri serikali nasema nini?"

"Itasema ulikula ndizi."

Akacheka kidogo, halafu akajifuta uso. "Nitasema. Kwa mtu mkubwa, siku nzuri. Wewe ngoja. Usizungumze na mtu mwingine."

Nikaamini. Mwenzangu mmoja kijijini aliniambia, "Mwari wa maitu, dada yangu, mtu akikuambia usizungumze na mtu, ujue hata yeye hatazungumza." Nikamwona ana kijicho kwa sababu mimi nina wakili na yeye hana. Tukanuniana mpaka mavuno ya maharagwe.

Nilingoja. Na wakati mimi nangoja yeye alikuwa anapanda. Serikali ilikuwa inatafuta Mhindi wa kukaa nayo mezani, asiye na ukoo mkubwa wala kelele, na huyu wetu alifaa kabisa. Kwanza alitiwa katika kamati ya mji wa Thika, halafu baraza kule Nairobi, halafu tukasikia amekuwa waziri. Koloni lenyewe lilikuwa kama mkoa wa nyuma wa Malkia, na mawaziri wake walikuwa wa kutumwa tu, lakini waziri ni waziri. Walimpa maji na usafi wa miji. Wanawake wa kijijini hawakukawia, wakamwita Waziri wa Choo. "Kaka yako amepanda," walikuwa wakinitania tukichimba mtaro. "Mwambie atuletee kiti cha enzi chenye tundu."

Mimi nilifurahi, nasema kweli. Nilijiambia sasa ndiye mtu mkubwa mwenyewe, hana tena wa kumwomba.

Akaja Thika kufungua vyoo vya mtaa wa Majengo na bomba la maji. Wanawake wa vijiji tulipelekwa kwa lori kwenda kuimba. Chifu alitupanga mistari, akatuambia tupige vigelegele kila bwana waziri akigusa kitu. Akagusa utepe, tukapiga. Akagusa bomba, tukapiga. Akagusa mlango wa choo, na hapo mwenzangu aliyekuwa nyuma yangu akanong'ona, "Akikaa tufanyeje?" Mstari mzima ukakaribia kuanguka kwa kicheko, na mimi pia nilicheka. Nilicheka dakika ile ile niliyokuwa najiandaa kwenda kumwombea mume wangu.

Nikatoka kwenye mstari. Homgadi alinyoosha fimbo, lakini waziri akaniona akasema, "Acha yeye." Moyo wangu ukakaa sawa. Kando yake alikuwa bwana mmoja mzungu kijana, wa kuchuja watu, yaani wa kuamua nani arudi na nani aendelee kufungwa. Nikasema siwezi kupata nafasi nzuri kuliko hii hata nikiota.

"Bwana waziri," nikasema, "ni mimi, wa laini za Ruiru. Mume wangu bado yuko kambini kwa ajili ya mbuzi wako. Huyu bwana yuko hapa. Mwambie."

Mzungu akauliza kwa Kiswahili kizuri kuliko cha waziri, "Mbuzi gani?"

Nikaeleza yote. Kwamba mume wangu alikula mara mbili kwa sababu mmoja hali. Kwamba alikuwa mdomo wa mwingine. Nilieleza vizuri, sikulia, huku maji ya lile bomba jipya yakimwagika.

Mzungu akamgeukia. "Unamjua mama huyu, bwana waziri?"

"Najua," akasema. "Mume wake mimi nilitetea. Kesi ya kahawa. Nilishinda."

"Na huyo mbuzi?"

Aliniangalia. Sitasema aliangalia chini, maana hakuangalia chini. Aliniangalia kama mtu anayemwangalia mgonjwa ambaye dawa yake imekwisha dukani.

"Bwana," akasema, "mimi sili nyama. Thika yote inajua. Karamu ya mbuzi mimi natafuta nini?"

Mzungu akacheka, waliokuwa karibu wakacheka. Na chifu, kwa kuwa waziri alikuwa amegusa bega langu kunisogeza, akapiga kofi moja, na wanawake wangu wa mstari wakapiga vigelegele. Walikuwa wameambiwa kila akigusa kitu.

Nilifikiria maneno yake njia nzima ndani ya lori. Hakuna hata moja lililokuwa la uongo. Hali nyama. Thika yote inajua. Alitumia ule ule ujanja wa leso, wa kuweka kitu cha kweli mezani ili watu wasiulize kingine, ila safari hii alikuwa upande wa karani.

Yaliyobaki nilielezwa na mume wangu mwenyewe, kidogo kidogo, na mengine hakunieleza. Katika kila kambi alisema kulikuwa na Mhindi. Katika kila kambi walicheka kwanza, halafu wakampiga kwa kuwafanya wajinga. Siku moja akaambiwa kwamba huyo Mhindi wake ni waziri, ameulizwa, amekana mbele za watu. Ndipo akachoka. Kule ilikuwa hivi: ukitaka kwenda nyumbani lazima ukiri kiapo, na ukikiri lazima utaje uliokula nao. Akakiri kiapo ambacho hakula. Akajiita mwapishaji. Na alipoulizwa wenzake, akawataja waliokwisha kufa ili asimuumize mtu: baba yake, yule mzee jirani, na mtu mmoja wa rika lake ambaye sote tulisikia ameuawa msituni.

Huyo rika hakuwa ameuawa. Alikuwa anakata mkonge katika shamba moja huko nje ya Thika, kwa kipande, yaani kitambulisho, cha mtu mwingine, kimya, anamtumia mkewe unga. Walimfuata huko huko. Alirudi miaka mingi baadaye, na mguu mmoja ulikuwa hautii tena.

Mume wangu alipofika nyumbani mimi nilikuwa shambani, nikaambiwa kuna mzee amekaa kwangu. Nikaenda, kumbe ni yeye. Nikampikia. Alikula polepole, halafu akaniuliza, "Ulimwambia kwamba nilikula kwa ajili yake?"

"Nilimwambia."

"Akasemaje?"

"Alisema yeye hali nyama."

Akafikiri, akasema, "Ni kweli. Hali." Akaendelea kula. Sikumsikia akimtaja tena.

Waziri aliendelea kuwa waziri mpaka mambo yalipobadilika, kisha tukasikia amekwenda Uingereza na watoto wake. Ile ofisi juu ya vitambaa ikawa ya mtengeneza meno. Kwa serikali, mume wangu alibaki mwapishaji aliyetubu. Kwa watu wa kwetu alibaki mtu aliyewauza wenzake. Hakuwa wa kwanza wala wa pili, lakini ukiwaambia watu kisa cha mbuzi na mtoto asiye na meno wanakuona unatunga. Mke wa yule rika tulisali kanisa moja, na kwenye kusalimiana mkono alinipita akashika wa anayefuata. Sikumlaumu. Mguu wa mumewe ulikuwa pale anauona kila asubuhi.

Tulihamia Gitothua kwa sababu hapa kulikuwa na wageni wengi. Lakini umbali kutoka Thika si mkubwa, na neno hutembea. Mume wangu alipofariki nilituma habari kwa rika lake wote, maana kwetu kaburi la mtu huchimbwa na watu wake. Nikangoja mpaka jua likawa juu. Wakaja vijana wapangaji waliotoka magharibi, wafanyakazi wa kiwandani, ambao hawakumjua hata kwa jina. Walichimba vizuri, sina la kusema. Mmoja wao, mtoto mwenye adabu, akapumzika juu ya jembe akaniuliza, "Mama, rika la mzee wako wapi?"

Nikamwambia wako kazini. Ilikuwa Jumapili.